Bwana Aliyesifu Milango ya Shungwi

Kisa, kisa.

Itikieni: na kije.

Kije na nani? Kije na watu wake wote, wema wao na waovu wao. Asiyetaka kuwasikia waovu aondoke sasa hivi akacheze nje, kwa maana leo ni wengi.

Haya. Endeleeni kuchambua choroko hizo, mikono ifanye kazi yake na masikio yafanye yake. Na wewe Subira usinitolee macho. Ndiyo, nimenuna. Kisa hiki hakisimuliwi kwa moyo baridi, na siku mtu akija kukusimulia huku anatabasamu, jua hajakielewa.

Hapo kale, kale ile ambayo hata bibi yake bibi yangu aliipokea kwa masikio tu, ndege walipokuwa bado wanaulizana majina, palikuwa na mji ukiitwa Shungwi. Mji wa mawe na chokaa, wenye vichochoro vyembamba hata punda wawili wakikutana ilibidi mmoja arudi kinyumenyume. Mji ule haukuwa na dhahabu. Haukuwa na jeshi. Ulikuwa na milango.

Nikisema milango msinifikirie hii yetu ya vibao na misumari, iliyopakwa rangi ya kijani. Nasema milango ya mbambakofi, mti mgumu hata patasi hulia. Mlango mmoja ukisimama humpita kimo mtu aliyebeba mtoto mabegani. Mwimo wa kulia, ile nguzo ya ubavuni mwa mlango, umechongwa, mwimo wa kushoto umechongwa, na katikati mfaa, ule ubao mwembamba unaoziba pale mbao mbili zinapokutana, nao umechongwa kutoka chini mpaka juu. Huu una samaki, ule una mnyororo, ule kule una mtende. Hapakuwa na mlango uliofanana na mwenzake, kwa sababu hapakuwa na wanawake wawili waliofanana.

Nimesema wanawake. Mmenisikia? Shikeni hapo hapo.

Shungwi, akizaliwa mtoto wa kike, babake alikwenda kutafuta gogo. Gogo lililazwa kivulini likauke. Mtoto anatambaa, gogo linakauka. Mtoto anaota meno, anayang'oa, gogo linakauka bado. Akishakuwa mwari fundi aliitwa, na msichana na mamake wakakaa naye, wakamwambia achonge nini. Na siku ya harusi, sikilizeni vizuri, nyumba haijajengwa. Hakuna ukuta, hakuna paa. Pana kiwanja kitupu, na mlango umesimama peke yake kama mtu anayemngoja mtu. Bibi harusi anaufungua, anapita, anageuka, anamwambia mumewe: karibu kwangu. Ndipo mawe yanaletwa. Mlango kwanza, nyumba baadaye, ukuta unajengwa kuufuata mlango. Na mume? Mume anakuja na mkeka wake kwapani. Mlango wa mke, nyumba ya mke, na akifa ni ya binti zake.

Nje ya kila mlango palikuwa na baraza ya mawe, na jioni waume walikaa hapo wakinywa kahawa na kuzungumza mambo ya mji. Sheria ya Shungwi ilikuwa hii: kila mlango, sauti moja. Likija jambo la kuamuliwa, kila nyumba ilitoa sauti yake, na asiye na mlango alinyamaza. Hapo mwanzo sauti aliitoa mwenye mlango. Kisha mwenye mlango ana mtoto mgongoni na chungu jikoni, akamwambia mumewe, hebu nenda kanisemee. Akaenda akamsemea. Kesho yake akamsemea tena. Vizazi vikapita, na waume wakasahau kwamba walitumwa. Wakasahau kabisa, kama mtu anayetumwa sokoni kila siku mpaka akadhani kapu ni lake.

Na walikuwa na adabu moja, nzuri ya kupendeza, ambayo ndiyo iliyowaponza. Mgeni akisifu kitu chako unamwambia, "Ni chako." Naye anajibu, "Kikae pake." Basi. Hakuna aliyetoa, hakuna aliyepokea, na wote mmependeza. Amesifu kanzu? Ni yako bwana. Ikae pake. Amesifu sinia? Ni lako. Likae pake. Mtoto wa Shungwi alijua maneno hayo kabla hajajua kujifunga kikoi. Hawakuwaza hata siku moja kwamba yupo mtu duniani atakayeambiwa "ni chako" akasema "ahsante".

Akaja.

Alikuja kwa njia ya bara, na punda wengi na wapagazi wengi, jina lake Bwana Ambari. Kanzu nyeupe, kilemba cheupe, sauti laini kama samli. Wazee wakamuuliza anatafuta biashara gani.

"Mimi msafiri tu," akasema. "Wenzangu husafiri kutafuta pembe, wengine kutafuta ndugu zao. Mimi natafuta milango ya kale. Nikiuona mlango wa kale, wazee wangu, moyo unanisimama."

Wakampenda. Nani asingempenda? Akawa anapita kichochoro kwa kichochoro, na Jumbe Makame, mkuu wa mji, ubavuni mwake, anaipapasa milango kama mtu anayempapasa farasi. Na kwa kila mlango ana lake la kusema. Huu mpole. Huu mkorofi kidogo, tazameni ulivyoinua nyusi. Huu una haiba ya mtu wa makamo aliyezaliwa tajiri. Aliijua milango yote ya Shungwi tabia zake. Na hakubisha hodi hata kwenye mmoja. Hakuuliza humu anakaa nani. Wanangu, mtu anayejua tabia ya mlango wako na hajui jina lako, mtu huyo muogopeni.

Mlango aliourudia mara kwa mara ulikuwa karibu na kisima, mlango wa Mize binti Kombo. Mlango ule ulikuwa na pweza. Mfaa wote ni pweza, kichwa chini, mikono inapanda juu inajizungusha hadi kwenye miimo. Mize alipokuwa mwari fundi alisema pweza hachongwi mlangoni, watu huchonga maua. Mamake Mize akamwambia, "Sisi tumekula kwa pweza, hatukula kwa maua. Kama huwezi, chukua patasi zako." Fundi akachonga pweza. Mji mzima ulicheka, kisha mji mzima ukaja kutazama.

Siku ya kwanza Bwana Ambari aliposimama pale Mize alikuwa ndani, nyuma ya mlango, mikono ina unga. Akamsikia anasema, "Huu sasa ndio mlango wenye akili." Na Mize akatabasamu. Ndiyo, alitabasamu, gizani peke yake, na unga mikononi. Baadaye alijichukia kwa tabasamu lile kuliko alivyomchukia bwana yule.

Kwa maana mlango wa kwanza kuondoka haukuwa wake. Ulikuwa wa jirani yake, Bi Kazija, mjane mzee, hana mume, hana mtoto. Mlango wake ulikuwa umeliwa na chumvi, na samaki waliochongwa kwenye miimo walikuwa hawana tena mikia kwa kushikwa na mikono ya vizazi. Bwana Ambari akaweka kiganja juu yake.

"Jumbe," akasema, "katika safari zangu zote sijaona uzee uliotulia namna hii."

"Ni wako, bwana," akasema Jumbe Makame, kwa adabu, akangoja jibu.

"Ahsante," akasema Bwana Ambari.

Jumbe akakohoa. Akawatazama wazee waliofuatana nao, wazee wakatazama viatu vyao. Sasa nawauliza nyinyi, wajukuu zangu. Jumbe angeweza kusema, bwana, kwetu hapo hujibiwa hivi. Neno dogo tu. Lakini mgeni angeona haya, na Jumbe angeonekana mchoyo. Upande mmoja haya ya mgeni, upande wa pili nyumba ya kikongwe. Akapima. Akachagua kuivunja nyumba ya kikongwe.

Watu wa Bwana Ambari wakaja na mitaimbo. Nimewaambia ukuta wa Shungwi hujengwa kuufuata mlango. Mlango ulipong'oka, mawe ya juu yakaja nao, na vumbi likajaa mpaka uani. Bi Kazija alikuwa amekaa huko na kikombe chake cha uji.

"Nimekosa nini, Jumbe?" akauliza.

"Hujakosa kitu, mama. Umeuheshimisha mji."

"Na hayo mawe kitandani kwangu ni heshima?"

"Tutaleta mtu afagie."

Mize aliona yote hayo. Alisimama hapo hapo, hatua chache tu. Na alifanya nini? Alimpelekea Bi Kazija mkeka autundike penye lile tundu. Jirani amevunjiwa nyumba, yeye kapeleka mkeka. Akajiambia, mlango wenyewe ulikuwa umeshazeeka. Akajiambia, ni neno la Jumbe, mimi nani. Bi Kazija akaupokea mkeka kwa mikono miwili, akasema, "Ahsante mwanangu," na Mize akarudi kwake.

Kesho yake alasiri mumewe, Vuai, alikuwa amekaa barazani na kikombe cha kahawa. Vuai hakuwa mtu mbaya. Msidhani kila kisa kina mtu mbaya mwenye meno marefu. Alikuwa mtu aliyependa watu waseme, "Yule Vuai, mtu wa watu." Na wengine wa aina hiyo humaliza nyumba kuliko mchwa. Bwana Ambari akaja, na Jumbe, na wazee wawili watatu.

"Bwana Vuai," akasema mgeni, "mlango wako huu unaninyima usingizi."

Wako. Mize alikuwa nyuma ya mlango, akalisikia neno hilo, akangoja mumewe alisahihishe.

"Pweza huyu," mgeni akaendelea, "napita ananitazama, narudi ananitazama. Sijaona mfano wake mahali popote."

Vuai alijua. Msije mkasema hakujua. Jana yake tu Jumbe alinaswa, mji mzima ukalizungumza, kila mtu alijua bwana yule hujibu nini. Vuai alikuwa na nafasi ya kusema, mlango si wangu, mwenyewe yuko ndani. Lakini Jumbe anamtazama, wazee wanamtazama, na kahawa inapoa.

"Ni wako, bwana," akasema Vuai.

"Ahsante. Watu wangu watakuja asubuhi."

Waliposhika njia wakaenda, Vuai akaingia ndani taratibu, kama mtu anayeingia chumba chenye mgonjwa.

"Vuai," akasema Mize.

"Mke wangu, usianze."

"Sijaanza. Nauliza tu. Umetoa nini?"

"Nimesema neno la adabu."

"Ulijua atajibu nini."

"Ningefanyaje, Mize? Jumbe yupo, wazee wapo. Niseme siutoi, nionekane bahili?"

"Ungesema si wako."

"Mbele za watu?"

Mize akacheka. Kicheko kile ambacho mume mwenye akili akikisikia huanza kutafuta viatu vyake.

"Ahaa. Mbele za watu ni wako, komeo likiharibika ni wangu."

"Huo ni ubao, Mize. Tutachonga mwingine."

"Kibao cha mbuzi nacho ni ubao. Si ungempa hicho, aende akakunie nazi?"

"Usinifanyie dhihaka."

"Na mwingine utamchongesha nani? Mamangu yuko kaburini. Utamfukua aje kukaa na fundi?"

Vuai akatandika mkeka wake karibu na ukuta akalala, au alijifanya kulala. Usiku ule siwasimulii. Mtu alikasirika mpaka alfajiri, basi. Ila kulipokucha hasira ya Mize ilikuwa imeacha kutetemeka. Ilikuwa imekaa kitako, inafikiri.

Asubuhi wakaja. Jumbe Makame mbele, wazee nyuma, Bwana Ambari katikati, wapagazi na mitaimbo yao. Wakamkuta Mize amekaa kizingitini, mgongo ameuegemeza kwenye pweza.

"Vuai," akasema Jumbe, "mwambie mkeo apishe."

"Mize, tafadhali," akasema Vuai. "Usiniaibishe."

"Nina swali kwa wazee," akasema Mize.

Jumbe akatikisa kichwa. "Binti Kombo, unaijua sheria. Mji husikia sauti ya mlango, na sauti ya mlango huu anayo Vuai. Una swali, mpe yeye atuulize."

"Vema. Vuai, niulizie. Sauti ya nyumba inakaa wapi?"

Vuai akageuka, akauliza kwa sauti ndogo. Akajibu mzee mmoja mwenye ndevu za hina, ambaye kazi yake ilikuwa kuzihifadhi sheria za mji kichwani. "Hilo hata mtoto analijua. Mlangoni. Kila mlango, sauti moja."

"Waulize tena. Mlango ukihamia kwa mtu mwingine, sauti inabaki kwa nani?"

Vuai akafungua kinywa. Akakifunga. Maana ya swali ilikuwa imemfikia.

"Uliza, mume wangu," akasema Mize. "Si wewe mwenye sauti?"

"Anauliza," akasema Vuai, "mlango ukihama, sauti inabaki kwa nani."

Mzee wa hina akachezea ndevu. "Sauti hufuata mlango," akasema, na alipokwisha kusema akaonekana kama mtu aliyejikata kwa kisu chake mwenyewe.

"Basi Vuai sogea kando," akasema Mize. "Mlango ulimpa bwana huyu jana. Tangu jana huna sauti. Hata maswali yangu umeyauliza bila haki, mji wenyewe ulikuwa unakusikiliza kwa huruma tu."

Juu madirishani wanawake wakacheka. Walikuwa wamejaa huko, msifikiri hawakuwapo. Jumbe akataka kusema, lakini Mize alikuwa amesimama.

"Na sasa sikilizeni hesabu yenu. Juzi mmempa bwana huyu mlango wa Bi Kazija. Kwa hiyo tangu juzi mgeni huyu ana sauti katika Shungwi, na nyinyi hamjui. Leo mnampa ya pili. Jioni atakwenda kwa nani? Kwako, mzee wangu wa hina? Atausifu mlango wa mkeo, nawe utasema hapana, baada ya Jumbe kusema ndiyo na Vuai kusema ndiyo? Huthubutu. Nyinyi hamthubutu kuonekana wachoyo, mnaogopa hilo kuliko njaa. Atawasifia mmoja mmoja mpaka mwisho. Kisha atakaa barazani akunje mguu, na nyinyi mtasimama juani mkimngoja aamue mtavua wapi, mtalima wapi na mtazikwa wapi."

Jumbe Makame akamgeukia mgeni. "Bwana, naamini hilo hukulifikiria."

Na hapa, wajukuu zangu, Bwana Ambari angesema sikulifikiria, pengine angeondoka na mlango. Wale watu walikuwa tayari kumwamini. Lakini mla vya watu hashibi akajua kunyamaza. Alitabasamu, sauti laini kama samli.

"Mimi ni mpenzi wa milango tu, Jumbe. Lakini kama hiyo ndiyo sheria yenu, nani mimi niikatae sheria ya wenyeji?"

Loo. Hapo wazee wakaamka. Wazee wale wale waliomwangalia Bi Kazija akinywa uji wa vumbi wasiseme kitu, sasa walikuwa wakipiga fimbo chini. Wizi. Udanganyifu. Mgeni gani huyu. Na Jumbe Makame akanyoosha kidole, akasema, wazi, mbele za watu, "Bwana Ambari, kwetu mtu akiambiwa ni chako hujibu kikae pake."

Kumbe ilisemeka. Sentensi fupi tu. Ilikuwa vinywani mwao wakati wote.

"Hamkuniambia," akasema Bwana Ambari.

"Tunakuambia sasa."

Bwana Ambari akainua mabega. Akamtazama pweza, hakumtazama Mize, hata wakati ule hakumtazama. "Mlango mzuri," akasema. "Bahati mbaya una mwenyewe." Akawaashiria watu wake, wakaondoka na mitaimbo yao.

Jumbe akapangusa jasho, akacheka kicheko cha mtu aliyeponea. "Umesema vizuri, mke wa Vuai."

"Nina jina."

"Umesema vizuri, Mize. Haya, mlango umebaki. Mambo yamekwisha."

Mize alidhani atafurahi. Aliitafuta ile furaha kifuani asiione, akakuta hasira tu, mbichi kuliko ya jana.

"Hamkuuzuia kwa sababu ni wangu," akasema. "Nilipokaa hapa kizingitini mlikuwa mnaniambia nipishe. Mmeuzuia kwa sababu mmeogopa kukosa pa kukaa."

"Si umeupata? Unataka nini tena?"

"Wa Bi Kazija."

Jumbe akashusha pumzi. "Ule umeshaondoka na punda wa mbele. Na yule mama hana hata mume wa kumsemea. Sauti yake ilikuwa inakaa bure miaka yote."

"Haikukaa bure. Hamkumuuliza."

"Mize," akasema Vuai, "usizidishe. Twende ndani."

"Twende? Ndani ni kwangu, Vuai. Leo umetoka asubuhi kwa miguu yako. Utarudi na mlango wa Bi Kazija mabegani, au lala huko huko ulikosema ni wako bwana."

Akaingia. Akafunga. Komeo likaanguka, ko. Wanaume wakatazamana, mmoja akaanza kucheka. Ndipo mlango wa pili ukafungwa, ko. Na wa tatu, na wa mbele yake, kichochoro kizima, ko, ko, ko, mpaka kule mwisho kwenye nyumba ya mke wa Jumbe mwenyewe. Hakuna mwanamke aliyesema neno. Wanaume wa Shungwi wakasimama nje, hakuna mwenye mkeka, hakuna mwenye chakula, na kwa mara ya kwanza tangu wazaliwe wakakumbuka nyumba ni za nani.

Mkitaka kujua kama mwanamume mwenye njaa anaweza kukimbia, muulizeni bibi yenu. Walikimbia. Walimpita Bwana Ambari njiani bila salamu, wakawakuta punda wa mbele wamepumzishwa kijitoni. Mlango ulikuwa juu ya punda. Lakini mwimo ulikuwa mrefu kwa mzigo, na wapagazi walikuwa wameukata kwa msumeno, vipande viwili, ufungike vizuri.

Wakaubeba hivyo hivyo. Jua la mchana, mbambakofi ni mti mzito, na Jumbe Makame upande mmoja, kilemba kimemshuka shingoni. Wakautua mbele ya lile tundu. Bi Kazija akausogeza mkeka, akatoka, akainama, akapitisha kidole pale msumeno ulipopita. Ulikuwa umepita katikati ya samaki.

"Mmemkata," akasema.

"Fundi ataunga, mama," akasema Jumbe. "Hutaona kitu."

"Nitaona," akasema Bi Kazija. "Nataka na wewe uone. Mwambie fundi asipake nta juu ya kiungo."

Mize alikuwa amefika nyuma yake. "Bi Kazija," akasema, "siku ile nilisimama pale. Nikanyamaza."

"Nilikuona," akasema kikongwe. Basi. Hakusema si kitu, mwanangu. Hakusema nimekusamehe. Alimpa upande mmoja wa ule mwimo aushike, kwa sababu ulikuwa mzito, nao wakauingiza ndani pamoja.

Makomeo yakafunguliwa jioni. Na wiki ile ile likaja jambo, mambo ya kisima, nani achote lini. Jumbe akauliza, nyumba ya pweza inasemaje. Vuai akafungua kinywa kwa mazoea.

"Kaa, Vuai," akasema Mize, akatoka na kigoda chake. "Nimerudi kujisemea mwenyewe."

Mzee wa hina akasema jambo hili halijawahi kuonekana. Bi Kazija, kutoka barazani kwake, akamwambia, "Limewahi. Umesahau wewe. Leta kahawa."

Basi hilo ndilo jambo. Sikilizeni mnachotakiwa kushika, na choroko ziacheni kidogo. Kitu chenu akikigawa mtu asiye mwenyewe, pigeni kelele pale pale, na msingoje kifike kwenu. Pigeni kelele kwa jirani. Pigeni kelele kwa yule asiye na mtu wa kumsemea, kwa maana ndipo wanapoanzia, kila mara ndipo wanapoanzia, na wakiona kimya wanakwenda nyumba ya pili. Mize alishinda, mkiniuliza. Lakini samaki yule hakuungana vizuri tena, mpaka nyumba ile ikaanguka kwa uzee.

Unasemaje, Subira? Bwana Ambari alikwenda wapi?

Alikwenda mji wa mbele. Akasifu milango. Huko sijui kama kulikuwa na mtu wa kukaa kizingitini, kisa hakikuniambia.

Kisa kimefika, mimi nimeshuka. Kama kimewachoma, ni chenu, nendeni nacho. Kama kimewapoza, nirudishieni nikisimulie upya.